Kadi za mkono au meseji? Shajara ya salamu za mwisho wa mwaka kwa wateja, Dodoma

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Bosi kaingia saa moja na nusu, hata birika sijawasha, akaniwekea kadi mezani. Ni kadi ya Krismasi aliyoandikiwa kwa mkono na wakili mmoja wa Dar es Salaam, mistari minne na sahihi. Aliipata mwaka jana. Imekaa kwenye droo yake miezi kumi na moja.

"Meseji za Krismasi nilizopata siku hiyohiyo hazihesabiki," kasema. "Niulize kama nakumbuka hata moja. Hii hapa sijaitupa. Mwaka huu tunaandika. Wateja wote, kwa mkono."

Wateja wote ni 112. Sisi ni watu sita, ofisi ya uhasibu na ushauri wa kodi: ritani za VAT (taarifa za kodi ya ongezeko la thamani), mishahara, hesabu za mwaka. Wateja wetu ni wenye maduka ya dawa, wenye hoteli, shule mbili za binafsi, wakandarasi waliokuja Dodoma baada ya serikali kuhamia, wakulima wa zabibu wa Hombolo, na miradi michache yenye ofisi kule Mtumba, kwenye mji wa serikali. Na Desemba kwetu si mwezi wa kukaa ukiandika kadi. Tarehe 7 kuna kodi za mishahara, tarehe 20 VAT, tarehe 31 awamu ya nne ya kodi ya makadirio. Wenzangu katika kazi hii wanajua Desemba inavyokwenda.

Nikasema tutume meseji kwa mkupuo, dakika kumi, imekwisha. Akaniangalia kama nimependekeza tule ugali bila mboga. Hatukukubaliana ila kwa jambo moja: mradi ni wangu. Naandika shajara hii kwa sababu mwaka jana tuliagiza kalenda kwa ajili ya wateja na zikagawiwa Februari, na mpaka leo hakuna anayeweza kueleza zilikwama wapi.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimetoa namba zote kwenye simu ya ofisi nikaziweka kwenye Excel. Herufi M peke yake ina karibu nusu ya wateja: Mama fulani, Mzee fulani, Mchungaji, Mhandisi, Mheshimiwa. Majina mengine tuliyahifadhi kwa lugha yetu ya ndani ya ofisi, si ya kumwonyesha mwenyewe. Nimetengeneza faili jipya la majina safi.

Kingine kilichojitokeza ni dini. Bosi alisema "kadi za Krismasi" kana kwamba wateja wote tunakutana nao kanisa moja. Tuna Alhaji wa Kondoa tuliye naye tangu ofisi ikiwa chumba kimoja. Tuna Wasabato wanne, na angalau wawili kati yao najua Krismasi hawaiadhimishi. Kwa hiyo kadi itasema Heri ya Mwaka Mpya, ambao unamfikia kila mtu. Alhaji na wenzake wataandikiwa tena kwenye Idd.

Picha ya juu: Bosi alitaka kichala cha zabibu, fahari ya mkoa. Dada wa mapokezi akauliza kwa upole kama walokole hawatafikiria mvinyo. Tumechagua mbuyu.

Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa. Ofisi imefungwa.

Jumanne, 3 Desemba

Kijana wetu wa fildi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, yuko upande wangu wa meseji, na leo alikuja amejiandaa. Anasema ujumbe mfupi wa kwanza kabisa wa simu ulitumwa tarehe kama ya leo, 3 Desemba 1992, Uingereza. Mhandisi Neil Papworth aliuandika kwenye kompyuta akamtumia Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone, na ulikuwa salamu ya Krismasi, maneno mawili tu. "Kwa hiyo Bosi, meseji ilizaliwa ikiwa salamu ya sikukuu."

Akaongeza la pili, na hili ndilo lililomkaa Bosi. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Mwenyewe, Henry Cole, alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mambo mengi, amelemewa na barua za marafiki alizotakiwa kuzijibu moja moja. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, akaichapisha nyingi, akawa anajaza jina tu. Kumbe kadi tunayoiona leo ndiyo adabu yenyewe ilianza kama njia ya mkato ya mtu asiye na nafasi ya kuandika.

Bosi kanyamaza, akanywa chai. Kisha: "Sawa. Arobaini kwa mkono. Waliobaki watumieni hiyo meseji yenu."

Ugomvi wa nani aingie kwenye arobaini umechukua muda kuliko kitu kingine chochote leo. Bosi alianza na wanaolipa ada kubwa. Mimi nilitaka waliotuvumilia: yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyetulipa nusu mwaka mbele mwaka ambao tulishindwa kodi ya pango, na Mama mwenye duka la dawa Majengo ambaye ametuletea wateja saba kwa mdomo wake. Tumegawana, ishirini kwa ishirini, na watatu tukawakuta kwenye orodha zote mbili, tukajaza nafasi zao.

Jumamosi, 7 Desemba

Kadi zimetoka kwa mchapaji. Nzuri kwa nje. Ndani wametumia karatasi inayong'aa vilevile, na hapo ndipo tulipokwama. Bosi aliandika ya kwanza kwa peni yake ya wino wa maji, ile anayosainia hesabu za mwaka. Akaifunga, akaifungua, na "Heri" imehamia ukurasa wa pili kama kwenye kioo. Anaandika kwa mkono wa kushoto pia, kwa hiyo kiganja kinapita juu ya kila neno alilotoka kuandika. Tulijaribu kuziacha wazi dirishani. Upepo wa Dodoma ukaleta vumbi, na vumbi likashika kwenye wino.

Nimerudi kwa mchapaji na sita zilizoharibika. Amekubali kuchapa upya kwa karatasi ya ndani isiyong'aa, nusu ya gharama juu yetu, kwa kuwa sikumwambia mwanzo kwamba zitaandikwa. Kweli sikumwambia. Nani siku hizi huandika ndani ya kadi?

Jumanne, 10 Desemba

Siku ya kujaribu meseji. Hii naieleza kwa kirefu kwa sababu itamsaidia mwingine.

Kwanza WhatsApp tuliiacha. Orodha ya kutuma kwa wengi inabeba watu 256, ingetutosha, lakini ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wateja wetu wamehifadhi namba ya Bosi. Ya ofisi wanaijua waliodaiwa.

Tukaenda kwenye meseji za mkupuo. Jina la mtumaji lisizidi herufi kumi na moja. Jina letu lina kumi na tisa, tukalikata, likabaki kama jina la dawa ya mbu. Kisha maneno yenyewe: herufi 150 hivi, zinaingia kwenye meseji moja, maana moja hubeba 160. Tukajitumia sisi sita. Salio limekatwa mara tatu kwa kila mtu.

Kijana akagundua ni ule mti wa Krismasi mdogo aliouweka mwishoni kwa mapambo. Ukitia picha ya namna hiyo, mfumo hauhesabu tena kwa 160, unahesabu kwa 70, na meseji zikiunganishwa zinapungua zaidi. Tukautoa. Tukatuma tena. Bado tatu.

Saa nzima. Tuliitazama ile sentensi mpaka ikapoteza maana. Hakuna picha, hakuna nyota, hakuna kitu. Mwisho kijana akaanza kufuta neno moja moja na kuangalia kihesabio, na alipofika "biashara yako ing'are" kikashuka hadi moja. Ni ile alama ya ng'. Niliandika maneno kwenye Word, na Word inaikunja ile alama ikawa kama koma iliyoning'inia juu. Alama iliyokunjwa haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za simu, iliyonyooka imo. Kwa watu 72, tofauti ni meseji 72 au 216. Sisi tunaosema ng'ombe na Chang'ombe kutwa nzima ndio tunaolipia koma hiyo.

Bosi akapita akauliza kitu cha maana: namba za wateja tunazipakia kwa kampuni ya watu wengine, tuliwaomba ruhusa? Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na sisi ndio tunaowakumbusha wateja kuhusu sheria. Tumekubaliana fomu ya mteja ya mwakani iwe na mstari wa ridhaa. Kwa sasa tunapakia majina na namba tu, na tukimaliza tunafuta.

Jumamosi, 14 Desemba

Bosi alikwenda Dar na SGR juzi, karudi jana jioni na kadi 22 zimekamilika. Anasema ofisini hapati hata nusu saa, ila kwenye treni hakuna anayekugongea mlango. Mwandiko haukuyumba.

Nimezisoma zote kabla ya kufunga bahasha. Kumi za mwanzo zina sentensi ileile: "Tunakushukuru kwa kuendelea kutuamini." Nikamuuliza, kama maneno ni hayohayo, si tungeyachapisha tu? Hakupenda. Baada ya chakula cha mchana akazirudisha, akasema tumtafutie kila mtu mstari wake, ambao ukiupeleka kwa mwingine hautakaa.

Hapo ndipo nimejua mwenye ofisi hii ni nani. Si Bosi, wala si mimi. Ni dada wa mapokezi. Anajua kisima cha nani kilikauka Oktoba, nani kapata mjukuu, nani kahamisha duka kutoka Uhindini kwenda Nzuguni na anajuta. Alikaa na Bosi saa mbili, yeye anataja, Bosi anaandika. "Mzee wa Hombolo, mwambie tunaombea mvua zisimharibie mavuno ya Februari." "Mwalimu mkuu, bweni la wasichana limekwisha, hongera."

Mmoja tu tulimkatalia Bosi. Alikuwa ameandika: "Hongera kwa kumaliza lile deni la kodi." Kadi hufunguliwa na katibu muhtasi, husomwa na mlinzi, hukaa juu ya kabati la sebuleni. Mambo ya hesabu za mtu hayakai kwenye kadi. Akaichana mwenyewe.

Jumanne, 17 Desemba

Bodaboda wawili, siku mbili. Posta tulituma kumi na moja tu kwa wenye S.L.P. wanaojulikana kulifungua sanduku lao. Wengine tulifikisha mlangoni.

Saa nne asubuhi simu ya ofisi imelia. Mzee mmoja wa Mpwapwa, mteja wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimepata bahasha yenu. Harusi ni ya nani?"

Nikasema hakuna harusi mzee, ni salamu za mwaka mpya. Akakaa kimya kidogo. "Kwa hiyo hakuna mchango?"

"Hakuna, mzee."

"Basi ngoja niifungue."

Hakuwa peke yake. Mpaka jioni wanne wamepiga au kumuuliza bodaboda palepale. Mmoja wa Kisasa alimwambia kijana wa boda amwambie aliyemtuma kwamba amesafiri. Tulichagua bahasha ya rangi ya krimu yenye ua la dhahabu pembeni, tukaona imependeza. Hatukukumbuka kwamba hapa bahasha ya namna hiyo huleta kitu kimoja, kadi ya mchango, na ndani kuna namba ya mhazini na tarehe ya mwisho. Tumewatia watu wazima hofu ya pesa wiki moja kabla ya sikukuu, wakati ada za shule za Januari nazo zinawasubiri.

Ya Mtumba ni kichekesho cha namna nyingine. Kadi ilipokelewa masjala. Dada wa pale kaifungua kama barua yoyote, kaipiga muhuri wa IMEPOKELEWA juu ya mbuyu wetu, kaiandika tarehe na namba ya folio, kaiingiza kwenye jalada. Mteja ametutumia picha. Anasema imemfikia ikiwa na maelekezo pembeni: "Kwa hatua zako."

Ijumaa, 20 Desemba

VAT. Hakuna salamu. Kijana alitaka kutuma meseji leo kwa kuwa ni Ijumaa. Nikamwambia mteja anayeona jina letu tarehe 20 hafungui, anazima simu.

Jumatatu, 23 Desemba

Meseji zimetoka saa tatu na dakika tano. Saa tatu na dakika tisa simu ya kwanza.

Kwenye kompyuta kuna mafaili mawili. Moja linaitwa WATEJA SALAMU, jingine WATEJA SALAMU MPYA. Kijana kapakia la kwanza. Kosa ni langu, nilitakiwa kufuta la zamani. Wengi hawakupata dhara. Mtu akisoma "Ndugu Mhandisi Ipagala" atacheka. Lakini mmoja amesoma "Ndugu Mzee Msumbufu Kizota, ofisi yetu inakutakia Heri ya Mwaka Mpya". Na Mama mwenye mgahawa karibu na stendi ya Nanenane amesoma "Ndugu Mama Hoteli Deni".

Nimeketi nikapitia orodha yote. Wa kuombwa radhi ni watano.

Bosi hakufoka. Alichukua ile orodha akafunga mlango, akapiga simu zote tano mwenyewe, moja baada ya nyingine. Tulimsikia mlangoni. Yule wa Kizota kumbe alicheka, akasema mke wake angesema hivyohivyo. Mama wa mgahawa hakucheka. Aliuliza: "Lile deni nililipa Agosti. Risiti ninayo. Bado naitwa Deni?"

Nimeangalia vitabu. Ni kweli. Alilipa lote, tarehe 14 Agosti, na mimi ndiye niliyeandika risiti.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimekwenda kula kwake mchana, wali maharage na mchicha. Sikupeleka kadi, ingekuwa kama kumwongezea. Nilimwonyesha simu ya ofisi, nikamwambia anitajie mwenyewe jina analotaka tumhifadhi nalo. Akaandika kwa kidole chake, jina lake kamili la ubatizo na la baba, ambalo kwa miaka minne ya kumfanyia ritani nilikuwa naliona kwenye cheti cha TIN tu. Akakataa kupunguza bei ya mchicha.

Jumanne, 31 Desemba

Awamu ya nne. Wateja kumi na wanane wamekumbuka leo saa tisa alasiri kwamba leo ni tarehe 31. Sina la kuandika.

Jumatano, 8 Januari 2025

Nimehesabu. Kati ya kadi 40, watu 26 wamejibu kwa namna fulani: simu, ujumbe, au kupita ofisini. Kati ya meseji 72 wamejibu tisa, ukiwaondoa wale watano. Bosi anazibandika hizi namba kila anapopita mezani kwangu. Nimemwambia hazilingani: arobaini tuliwachagua kwa kuwa ni watu wetu wa karibu, hata tungewapigia filimbi wangejibu. Kama tunataka kujua kweli, ilibidi tuwagawe kwa kura. Amesema mimi sijui kushindwa.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni hili: angalau wateja saba walipiga picha kadi yao wakaiweka stetasi ya WhatsApp. Walipiga ule mstari wa mkono tu, mbuyu wameuacha. Mwalimu mkuu aliweka "bweni la wasichana limekwisha, hongera" na chini yake akaandika kwamba hata mhasibu wake kaona. Wiki hii tumepata maulizo ya shule mbili kupitia yeye. Kwa hiyo salamu ya karatasi imefika mbali kwa simu, na sijui niiandike kwenye safu ipi ya jedwali.

Na zile simu tano za kuomba radhi zimezaa mazungumzo marefu kuliko kadi yoyote. Mmoja alimweleza Bosi kwamba anafikiria kufunga duka moja, akamuuliza kuhusu kodi ya kuuza gari la biashara. Hilo tusingelijua mpaka Juni.

Ijumaa, 17 Januari

Kikao kifupi. Idd el Fitr mwaka huu itaangukia mwisho wa Machi, mwezi ukiandama, wiki ileile ya awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio. Tumejifunza: kadi ziandikwe kabla ya Ramadhani kuanza, zifike kabla ya tarehe 20.

Wateja wa kuandikiwa ni 31. Hakuna meseji ya mkupuo safari hii. Ambao hawatapata kadi Bosi atawatumia sauti kwenye WhatsApp, sekunde ishirini kila mmoja, amtaje kwa jina. Kwa namba yake yeye, ndiyo waliyoihifadhi. Kijana wa fildi amemaliza muda wake, katuachia kikaratasi kilichobandikwa kwenye kioo cha kompyuta: koma inyooke.

Simu ya ofisi nimeipitia yote. Majina yenye maneno ya ziada yalikuwa 23. La kwangu kwenye simu ya Bosi sijaliuliza.

Karatasi isiyong'aa ndani, peni ya kawaida. Bahasha nyeupe tupu, bila ua. Nimependekeza chini ya jina la mteja tupige muhuri mdogo: "Salamu tu. Si mchango." Bosi kacheka mpaka kavua miwani, kisha akauliza muhuri unachongwa shilingi ngapi.